Mashua Iliyojaa Maji kwa Ndani

Mume wangu Wanjohi na kaka yake Ndungu waligawana mashua kama watu wanavyogawana shamba la urithi. Mkubwa alichukua mashua, mdogo akachukua injini. Wakati huo walikuwa wavuvi Naivasha. Siku moja walikwama kwenye matete, Ndungu akasema injini ni mbovu, Wanjohi akasema nahodha ni kipofu, na tangu siku hiyo hawajasemezana. Kila mmoja alipakia fungu lake kwenye lori hadi huku kwetu Kapseret. Injini imekaa sebuleni kwangu miaka yote hii, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kuku wakitaga chini yake. Mashua iko ng'ambo ya ua, na ng'ombe wa Ndungu wanainywea maji.

Mimi ndiye simu yao. Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Jembe nililichukua, nikalima, nikapalilia, na bado wananituma. "Mwambie huyo ndama wake amekula sukuma yangu." "Mwambie huyo afunge ua." Na wakati huo wanaonana hadi meno!

Ningewaacha wazeeke hivyo, lakini kuna Shiko, binti ya Ndungu, ninayempenda kama wangu. Jumamosi wakwe wanakuja kwa mahari, na kwetu baba hapokei wakwe huku ndugu yake wa damu amejifungia nyumba ya pili. Wakwe wangeuliza, wangeambiwa, wangegeuza gari. Naye Wanjohi aliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba ataingia kwa kaka yake siku injini itakaponguruma kwenye mashua ile. Kiapo ni kiapo, hata kikiwa cha kijinga.

Basi Alhamisi tuliibeba injini hadi kwenye mashua. Kuipeleka mashua majini ilikuwa kazi, na maji tayari yalikuwa ndani yake, kwa hiyo Wanjohi aliifunga injini kwenye ubao wa nyuma akiwa ameigeuza, pangaboi likazama mle wanamonywea ng'ombe. Shiko alifunika uso kwa leso. Mimi niliomba Mungu wakwe wasije mapema.

Petroli ya zamani ilitoka nzito kama asali. Wanjohi akafungua kabureta, akaisafisha kwa mswaki wangu. Mpira wa mafuta ulikuwa umepasuka, akaweka ule wa pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa. Akavuta kamba. Kimya. Akatoa plagi, akaisugua, akavuta tena. Hakuna hata cheche. Alivuta hadi bega likamkataa, akaketi chini, na nikaona machozi yakimlenga.

Ndungu alikuwa ameegemea mti muda wote, mikono mfukoni.

"Mama Diana," akaniita, "mwambie huyo haiwezi kuwaka bila hii."

Akatoa mfukoni kamba fupi nyekundu yenye kipande cha plastiki mwishoni, ile nahodha anayojifunga mkononi ili akianguka majini injini ijizime. Bila kile kipande kuchomekwa, injini haitoi moto.

"Baba Shiko! Umekuwa nayo siku zote?"

"Ni ya nahodha. Ilikuja na mashua."

Nilitamani kumpiga kwa spana. Nikaichukua, nikampa mume wangu, akaichomeka, akavuta.

Injini ilinguruma hadi madirisha yakatetemeka. Maji yakaruka juu, ng'ombe wakakimbilia mahindini, Shiko akalowa kichwa hadi miguu akipiga vigelegele. Ndungu akanigeukia, mdomo ukienda. Nikamwonyesha masikio yangu. Sisikii kitu!

Basi akapiga kelele mwenyewe. "Punguza moto, wewe! Utaiunguza!"

"Si ulisema haina nguvu?" Wanjohi akamjibu.

"Nilisema ni mbovu!"

"Na wewe hukuyaona matete!"

"Niliyaona! Nilikuwa nataka tukojoe!"

Wanjohi akacheka, Ndungu akacheka, wakaendelea kupigiana kelele, mikono ikiruka, habari za samaki, habari za marehemu mama yao, maneno ya miaka mingi.

Kisha maji yakaisha, yote yakiwa yametuangukia sisi. Ikabidi Wanjohi aizime.

Wale wanaume wakatazamana, wakatazama chini. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

"Mwambie," Ndungu akasema, "Jumamosi asichelewe."

Sikumwambia mtu. Nilichukua ndoo, nikamtupia Shiko nyingine, tukaanza kuijaza mashua.