Skrini ya Gari la Kitinda

Usiniambie nitulie. Wote wameniambia nitulie, kuanzia askari wa mapokezi hadi mke wangu, na hakuna hata mmoja wao aliyemaliza siku kumi na tisa hajui mdogo wake yuko wapi.

Gari la Kitinda, mziwanda wetu, lilikutwa kando ya barabara kuu. Milango imefungwa, funguo juu ya kiti, simu haipatikani, mwenyewe hayupo. Tulipokabidhiwa nikalivuta hadi gereji kwangu, maana mimi ni fundi umeme wa magari, na nilijua jambo ambalo wale askari hawakulijali: skrini ya pale katikati, yenye redio na ramani, hutunza orodha ya safari. Mahali pa mwisho alipokuwa anaelekea palikuwa humo ndani. Basi na yenyewe ikaamua kuzingua. Inawaka, inachezacheza, inajibonyeza kama ina mashetani, inazima.

Mama alikuja kila asubuhi. Anaingia kiti cha nyuma, mkoba mapajani, utadhani anasubiri kupelekwa mahali.

"Bado, baba?"

"Bado, mama."

"Si wewe ndiye fundi?"

Hapo damu ilikuwa inanichemka, nageukia kazi nisije nikamjibu vibaya.

Nilibadili fyuzi. Nilipima umeme, upo. Nikabomoa dashibodi, nikachomoa plagi zote za nyuma, nikazisafisha kwa spiriti. Wapi! Siku ya nne ndipo nikaona ule utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kioo na mashine yake umeingia maji, umeota kutu. Nikatoa mwingine kwenye skrini mbovu niliyokuwa nimeitupa kabatini, nikaupachika huku pumzi nimeibana.

Ikawaka. Ramani ikaja, na pembeni yake maneno: Safari za karibuni. Mama akanishika bega. Nikagusa pale, orodha ikaanza kufunguka, halafu ikaganda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapojichukia. Kila gari la mtumba linaloingia kwangu huja na kumbukumbu za mwenye nalo wa kwanza: nyumbani kwake, kazini kwake, namba za watu wake. Mteja hazitaki. Kwa hiyo kabla ya lolote nazifuta: kidole gumba kwenye kitufe cha sauti, cha shahada kwenye cha redio, nahesabu kumi, nabonyeza ndiyo, na ndiyo tena. Miaka kumi na mitano. Nafanya huku naongea na simu, huku nakunywa chai. Wateja hunitania kwamba mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu.

Skrini imeganda, mama yuko begani, "Inasemaje? Inasemaje, baba?" Nikageuka nikamfokea, mama yangu mzazi: "Hebu subiri kidogo, mama!" Niliporudisha macho, mikono ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Mstari mweupe unajaa taratibu. Inafuta.

Nilikimbilia waya wa betri nikaung'oa, naitukana mikono hii hii. Nilipourudisha, skrini ikawaka vizuri ajabu. Rangi zote, haichezi hata kidogo. Orodha haikuwa na kitu, imerudi kama mpya kutoka kiwandani.

Mama akapiga makofi. "Imepona! Jamani, mwanangu fundi! Miwani nimeiacha nyumbani, nisomee. Inasemaje?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. Nilitaka ardhi inimeze na gari lake lote.

"Inauliza nyumbani ni wapi," nikasema.

 Mama akajipenyeza katikati ya viti viwili vya mbele, akaisogelea skrini, akaongea nayo kwa sauti ile ile aliyokuwa akituitia ndani tukiwa wadogo.

"Ukipita kituo cha mafuta, kata kushoto. Nyumba ya tatu, geti la bluu. Hatulifungi siku hizi, wewe sukuma tu."

Akanitazama, uso umechangamka, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mbona huandiki? Mwandikie mdogo wako, mwanangu. Asije akapotea."

Nikaandika.