Bibi Mkaguzi Ndani ya Mtungi

Fundi wanasesere alianza kazi yake kwa kushona wanyama. Alishona tembo, akashona twiga, akashona kiboko aliyefanana zaidi na mto wa kulalia, akawapanga mezani kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na watu wakawapita kama wanavyoipita nguzo ya umeme. Watoto walimbinya kiboko, mama zao wakawavuta mkono, basi.

Kilichombadilishia mambo ni ziara ya mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule mpaka alipostaafu, ila jicho lake lilikataa kustaafu. Alikuja kuwasalimu, akafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, akageuza ncha ya pazia akatazama upindo, kisha akaguna. Mguno huo ndio uliomchoma mkwewe. Mgeni alipoondoka tu, fundi akashika sindano, na hasira haijapoa, mwanasesere akawa amekaa juu ya meza ya jikoni: bibi mfupi mnene, kilemba kimefungwa upande, pochi imebanwa kwapani, unyusi mmoja umepanda, na midomo imevutwa kama ya mtu aliyeonja chai akakuta haina sukari.

Mume wake alipomwona alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Kisha akarudi, uso umebadilika.

"Mama akimwona huyu, mimi na wewe hatujuani."

"Atamwonea wapi? Mama haendi maonyesho."

Wakampa jina Bibi Mkaguzi. Fundi akashona mwingine, na mwingine, vilemba rangi mbalimbali, unyusi uleule.

Kwenye maonyesho yaliyofuata alipangiwa meza karibu na mlango wa choo, mahali ambapo kila mshiriki hununa akipewa. Kumbe bahati yake ilikuwa hapohapo. Watu walisimama kwenye foleni, hawana la kufanya, na safu nzima ya Bibi Mkaguzi inawakodolea macho.

"Jamani, huyu si shangazi yangu!" alisema mmoja.

"Wacha wee! Huyu ni mwenye nyumba wangu, mwisho wa mwezi."

Wanasesere wakawa wanachukuliwa kama maandazi ya moto. Jirani yake wa meza, mfinyanzi mwenye ndevu na ulimi usiotulia, alimwambia, "Leo nyota yako inawaka, dada. Mitungi yangu inakuonea wivu."

Ndipo simu ikaita.

"Niko getini," mume wake alinong'ona. "Nipo na mama."

"Mama yupi?"

"Kwani nina wangapi? Kasema anataka kuona kazi zako. Ningemwambiaje?"

"Ungesema naumwa!"

"Angekuja kukuuguza."

Fundi akakumbatia wanasesere kwa mikono miwili, akawasukumia kwenye kikapu chini ya meza. Kikapu kikajaa. Waliobaki akamtupia mfinyanzi.

"Nifichie hawa, tafadhali!"

"Wamefanya nini?"

"Mwenyewe anakuja!"

Mfinyanzi hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa kufurahia balaa la jirani. Akawashindilia kwenye mtungi wake mkubwa kuliko yote, akafunika na mfuniko. Tembo, twiga na kiboko wakapandishwa cheo, wakakaa mbele.

Mama mkwe akatokea, kilemba upande, pochi kwapani. Mfinyanzi alimtazama, akautazama mtungi, akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Alimgeuza kiboko chali, akapitisha kidole kwenye mshono. "Huyu nguruwe umemshona vizuri."

"Ni kiboko, mama."

"Mm."

Fundi akaanza kupumua. Mume wake naye akajifuta jasho. Na pengine mambo yangeishia hapo, kama yule mama angekuwa mtu wa kupita mbele ya kitu bila kukikagua. Alisogea kwa mfinyanzi, akagonga vyungu kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza vinavyolia. Alipofika kwenye mtungi mkubwa, ukatoa sauti nzito, kama anayegonga godoro.

"Huu una ufa," alisema.

Hapo mfinyanzi akajisahau. "Mtungi wangu? Hauna ufa, mama, hata wa kupita sindano!"

"Basi una kitu ndani."

Akafunua. Akatumbukiza mkono, akamwibua Bibi Mkaguzi kwa kilemba. Wakatazamana, unyusi kwa unyusi. Fundi alitamani sakafu ipasuke. Mume wake alikuwa amegundua jambo la maana sana darini, hakushusha macho.

Mama mkwe akamgeuza mwanasesere, akakagua mgongo, akavuta uzi.

"Nani kashona?"

"Mimi, mama."

Akaguna. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Lakini huyu," alisema, machozi ya kicheko yakimlenga, "huyu si wifi yangu mtupu! Tazama mdomo huo! Mwanangu, huyu siye shangazi yako?"

"Ndiye, mama! Shangazi mwenyewe!" mwanawe alidakia, kama anayezama aliyetupiwa kamba.

Basi hapo akavua viatu, akataka wote watolewe mafichoni, akafuta kiti kwa leso, akakaa kuuza. Akamwigiza wifi yake kwa sauti ya puani: "'Hii ndiyo chai mnayompa mgeni?'" Akawaambia wateja, "Mchukue huyu, binti, umweke sebuleni. Wageni hawatakaa sana." Wateja walimtazama muuzaji, wakaitazama bidhaa, wakauma midomo. Wengine waliomba kupiga naye picha, naye akasimama wima katikati ya wanasesere, akidhani ni heshima za maonyesho. Fundi alikibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Jioni jikoni, yeye na mume wake walikiachia chote.

"Hakujua!"

"Hata chembe!"

Siku ya pili mama mkwe alifika milango haijafunguliwa, ana mfuko.

"Jana mmenitia mwasho wa mikono," alisema. "Nikafungua cherehani yangu."

Akatoa mwanasesere wake: mwembamba, shingo ndefu, kidevu juu, penseli imechomekwa kwenye nywele, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na macho ya pembeni, ya mtu aliyeficha kitu. Mishono yake ilikuwa safi hata huioni.

"Amependeza mno, mama," fundi alisema, simu begani, maana mume wake alikuwa amepiga. "Ni nani?"

"Mtu tu."

"Nahisi namjua. Ana madaha huyu!"

Mfinyanzi akashikwa na kikohozi, akaondoka mezani. Mteja wa kwanza akaja, akamtazama mwanasesere, akamtazama fundi, akaangua kicheko. "Dada, umejishona mwenyewe?"

Fundi akapeleka mkono kichwani. Penseli ilikuwepo. Akageuka polepole.

Mama mkwe alikuwa anakunja leso yake, hana haraka. "Mwanangu, mimi nimeshona sare za shule nzima kwa macho, bila futi. Ningeshindwa kujua kipimo changu mwenyewe?"

"Mama, nisamehe. Mimi..."

"Unyusi umeupandisha kupita kiasi. Hayo mengine ni sawa."

Fundi aliona aibu, kisha aibu ikageuka kicheko, na akicheka akamwona mama mkwe naye anacheka, waziwazi, meno yote nje. Siku hiyo wateja waliwataka wawili wawili, bibi na mkwe, huku washonaji wenyewe wakibishana mezani yupi akae mbele.

"Na shangazi je?" fundi aliuliza walipokuwa wanafunga. "Si tumemsingizia bure?"

"Ndiyo maana nimemwalika kesho kwangu," mama mkwe alisema akibana pochi kwapani. "Nawe uje na sindano. Nitamkalisha karibu na dirisha, tumwone vizuri."