Tundu Lililopotea Kwenye Koti la Dobi

Dobi aliingia na furushi la nguo kwapani kama kawaida yake, akalitua mezani, akasema, "Dada, furushi hili ni kati ya yale ya mwisho. Mwezi ukiisha nafunga. Mwanangu ananitaka kwake nikapumzike."

Nikacheka. Mtu amenitania miaka thelathini na moja, nitajuaje kama leo anasema kweli? Lakini yeye hakucheka. Nikavuta kiti nikakaa.

Kazi yangu wengi hawaijui. Mimi naziba matundu ya nguo, na siweki kiraka. Natoa nyuzi kwenye pindo la ndani la nguo hiyohiyo, kisha nazifuma pale tunduni, mmoja juu, mmoja chini, mpaka kitambaa kinakuwa kama kilivyotoka kiwandani. Wenye nguo siwajui, nao hawanijui. Wanampelekea dobi nguo zao, naye akikuta tundu analizungushia uzi mwekundu ili nilione, ananiletea. Nikimaliza nautoa ule uzi mwekundu kwa meno, nguo inarudi. Mlango wangu uko nyuma, kichochoroni, na hauna kibao. Kibao changu kilikuwa huyo dobi.

Sikujihofia mimi, nimeshakula chumvi nyingi. Nilimhofia mjukuu wangu, yatima wa mwanangu, ninayemwita mke mwenzangu. Amekaa kando yangu miaka sita akijifunza, na sasa vidole vyake vimenipita. Kiwanda cha nguo cha mji mwingine kilikuwa kimemwita akashone mifuko ya suruali. Mifuko tu, kutwa kucha. Walitaka jibu Ijumaa. Kama dobi anafunga, nguo hazitakuja, na kama nguo haziji, nitamwambia abaki afanye nini?

"Bibi, tujitangaze kwa video," akaniambia Jumatatu. "Tuweke mtandaoni, watu waone kazi yetu."

"Mke mwenzangu, kitendawili."

"Tega."

"Nikionekana nimeharibika, nisipoonekana ndiyo uzuri wangu."

Akawaza kidogo. "Kazi yetu."

"Haya basi, kipige picha hicho kisichoonekana."

Lakini mtoto huyu kichwa chake ni kigumu kama changu. Alichukua shati nililokuwa nimelimaliza, akarekodi mkono wa shati hilo kwa simu, taratibu, huku na huku. Dobi alipokuja tukamwonyesha. Akatazama mara mbili.

"Mbona mnatangaza mkono wa shati? Mmeanza kuuza mashati?"

"Hapo palikuwa na tundu!" mjukuu akasema.

"Nani kasema?"

Kweli, nani kasema. Ikabidi tundu lionekane kwanza. Hapo nikagoma, maana ni tundu la nani? Mwenye shati huenda amekaa ofisini anawaambia wenzake kalinunua juzi.

"Bibi, hatuonyeshi sura ya mtu."

"Shati nalo lina sura. Mtu akituamini na tundu lake, hatulitembezi barabarani."

Nikadhani yameisha, kumbe ndiyo kwanza. Niongee au ninyamaze? Wanione uso au mikono tu? Akasema video isizidi dakika moja, watu hawana subira. Nami tundu moja linanichukua saa tatu.

"Sasa hizo saa nyingine zinakwenda wapi?"

"Zinakatwa, Bibi."

"Zinakatwa zinatupwa wapi?"

Akashika kichwa. Nami nilikuwa sijui kama nimeuliza neno la maana au la kipuuzi.

Dobi ndiye aliyetuokoa, ingawa kwa aibu. Akavua koti lake. "Chukueni hili. Lina tundu begani. Pasi."

"Dobi umeunguza koti lako mwenyewe?"

"Nilikuwa naongea huku napiga pasi."

"Ukiongea na nani?"

"Na wewe, dada. Ulikuwa umesimama pale mlangoni unanisema."

Jumatano asubuhi mjukuu aliiegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Akarekodi tundu kwa karibu mno, hata bega lenyewe halijulikani ni lipi, jeusi pembeni, na uzi mwekundu ukilizunguka. Akafumua bitana, nikaanza. Koti lilikuwa la miraba midogo ya kijivu na kahawia, miraba ya kutia kizunguzungu, na kila uzi ilibidi uangukie kwenye rangi yake. Mchana nikamaliza, mjukuu akarudishia bitana, dobi akaja kuchukua koti lake, na simu ikawashwa tena.

"Sasa Bibi, tuwaonyeshe pale palipokuwa na tundu."

Nikalinyanyua koti. Na ule uzi mwekundu ulikuwa tayari ulimini mwangu.

Mazoea! Nilikuwa nimeshautoa kwa meno, sijui saa ngapi.

"Si kitu," nikasema. "Ni hapa, bega la kulia."

"La kushoto," akasema dobi. "Mimi ndiye ninayelivaa."

"Na mimi ndiye niliyeliziba!"

"Basi tuonyeshe."

Nikatazama. Nikapapasa kwa kidole gumba, kisha kwa kidole kidogo, ambacho ndicho chenye akili. Mjukuu akalisogeza dirishani. Dobi akavaa miwani yangu juu ya miwani yake. Tukawa tunanyang'anyana mabega ya koti kama watu wanaogombea maiti, huyu anasema ni mraba huu, yule anasema huo ulikuwa mzima tangu zamani.

"Labda halikuwa koti hili," dobi akasema.

"Mzee, una makoti mangapi?"

"Moja."

"Sasa?"

Mjukuu ndiye aliyegundua kwamba simu bado inarekodi. Dakika kumi na moja nzima tumo humo, mimi pua yangu imegusa kitambaa kama nanusa mchuzi.

Nilipojiona nikataka ardhi inimeze. "Futa. Watu watasema bibi huyu ni kipofu, hata kazi yake haioni, nani atampa nguo?"

Tukarekodi nyingine, ya adabu. Nilifunga kilemba kipya, mjukuu akachora duara kwa chaki begani, nikanyoosha kidole na kusema, "Karibuni wateja, hapa palikuwa na tundu." Dakika moja kamili. Safi.

Lakini ile chaki ilizunguka mahali tulipopadhania tu.

"Nani atajua?" dobi akauliza.

Hakuna ambaye angejua, nami nilikuwa naihitaji video hiyo kama maji. Nikaiangalia tena, na kila nilipofika kwenye kile kidole changu nilitaka kuinamisha uso. Kisha nikaiangalia ile ya fujo, ambayo mjukuu hakuwa ameifuta, nikaona haya ya namna nyingine. Ile moja ilinifanya mwongo, hii ilinifanya mjinga, na hakuna aliyeniletea ya tatu.

"Weka ya fujo," nikasema, na mpaka leo ukiniuliza kwa nini siwezi kukupa jibu zuri.

Mjukuu akaikata ikawa dakika moja: tundu, sindano kidogo, halafu sisi watatu tunagombana. Akaituma.

Alhamisi akanisomea maoni. Mmoja anauliza koti ni bei gani. Mwingine anasifu, anasema sisi ni wachekeshaji hodari, tutoe nyingine. Mwingine anaapa kwamba makoti ni mawili na sisi ni matapeli. Mwingine ananielekeza kwa daktari wa macho, kwa upole sana.

"Watu elfu mbili wameona, Bibi."

"Wameona nini, na sisi wenyewe hatukukiona?"

Akacheka, kisha akaacha. Katika hao elfu mbili hakuna aliyesema ana nguo iliyotoboka. Jioni mmoja akauliza tuko wapi, ndipo tulipokumbuka kwamba hatukusema tuko wapi. Mjukuu akamwelekeza: kichochoro cha nyuma, mlango usio na kibao. Kisha akaanza kukunja nguo zake kitandani, mimi nikijifanya sioni.

Ijumaa asubuhi mlango ukabishwa. Si dobi, yeye habishi hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, na mfuko. Mteja amesimama mbele yangu kwa macho yangu! Sikujua nimkalishe wapi, kiti kilikuwa na nguo, nikamwachia changu nikabaki nimesimama kama mgeni.

"Namtafuta bibi aliyepoteza tundu," akasema. Akatoa gauni la buluu, misumari imelichana kiunoni. "Na tundu hili nataka lipotee. Gauni nililivaa siku marehemu mama yangu aliponichekea mara ya mwisho."

Mjukuu alikuwa analipapasa gauni wakati simu yake ilipolia. Kiwanda. Nikamsikia akiomba wamsubiri mwezi mmoja. Akasikiliza. Akasema, "Nimeelewa. Asanteni," akaizima.

"Wamesemaje?"

"Hawasubiri."

Moyo wangu ulikwenda huku na kurudi huku, sikujua niushike wapi. Gauni moja haliwezi kuwalisha watu wawili, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Nilitaka kumwambia awapigie tena upesi. Lakini yeye alikuwa ameshainama juu ya meza, kiuno cha gauni kimegeuzwa ndani nje, sindano mdomoni.

"Bibi, nyuzi nizitoe pindo la chini au la mkono?"

"La chini," nikasema. "La mkono limepauka."