Nyuzi Zisizohama

Mwisho wa ukumbi wa soko, hatua kama sabini kutoka niliposimama, palikuwa na mtungi mwekundu wa zimamoto, na shingoni mwa mtungi huo kilining'inia kikaratasi cha fundi aliyeukagua. Nilikisoma. Niliona tarehe, nikaona sahihi, nikaona hata doa la chai pembeni mwa sahihi. Nikaishusha darubini ya bunduki kutoka jichoni, nikautazama tena mtungi kwa macho niliyozaliwa nayo, ukarudi kuwa kinukta chekundu.

"Hii hii," nikamwambia mwenye duka. "Funga."

Miaka tisa ya kununua mali Guangzhou imenifundisha kuamini namba. Feni yenye namba kubwa hupuliza zaidi, betri yenye namba kubwa hudumu zaidi, na mteja wa Kariakoo husoma namba kabla hajasoma kitu kingine chochote. Darubini ile iliandikwa ishirini na nne, maana yake inakileta kitu karibu mara ishirini na nne. Juu ya hayo ilikuwa na taa ndani, nyekundu na kijani, na sanduku lililotandikwa mahameli kama la kuwekea mkufu wa bibi harusi. Bei yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Nilitoka pale kichwa kimevimba, najiona Swalha ndiye Swalha.

Mwenye kuihitaji alikuwa mjomba wangu Abubakary, kaka yake mama, mwindaji wa Liwale. Si jangili. Ana leseni, na bunduki yake moja ya zamani ina karatasi zake zote. Kwa miaka thelathini alikuwa mfuata nyayo wa wageni wanaokuja kuwinda. Aliwabebea bunduki, akawaonyesha mnyama, kisha akasogea pembeni wakati wao wakipiga picha. Alipostaafu akaanza kuwinda kwa leseni ya wenyeji, na nyama yake huzunguka nyumba kwa nyumba. Katika dini yetu mwindaji hutaja jina la Mungu ndipo afyatue, na bismillahi ya mjomba hufuatwa na risasi moja tu. "Ya pili," husema, "ni ya kuomba radhi."

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, aliihitaji hiyo ya pili na hakupata nafasi ya kuipiga. Alikuwa amemlenga kongoni dume, mwenye pembe ya kushoto iliyokatika ncha. Risasi ikamchana bega, akakimbia. Macho ya mjomba yalikwisha kuanza kuchoka siku nyingi. Kile kijino cha mbele ya mtutu alikiona kama ukungu, naye akaona haya kusema. Alimfuata mnyama siku mbili. Damu ikakauka, nyayo zikaingia kwenye mawe, zikaisha. Akarudi nyumbani, akaitundika bunduki, na msimu wote hakutia nyama mdomoni.

"Hali, halali," mama aliniambia kwenye simu. "Anasema amemwacha kiumbe wa Mungu na maumivu yake."

Ndipo siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwake. Mjomba hajawahi kuniomba kitu tangu nipate akili zangu, kwa hiyo niliusikiliza nimesimama. "Mwanangu, nasikia huko uliko ndiko vinakotengenezwa. Nitafutie darubini ya bunduki, ya bei ya mtu wa kijijini. Nitailipa mwenyewe kwa ufuta wangu, usinifiche bei. Ikinifaa, nitarudi porini. Isiponifaa, bunduki naikabidhi polisi, yaishe."

Mtu ataniuliza kwa nini mama mzima, mwenye kontena linalosubiriwa bandarini Nansha, aliacha kila kitu akazunguka masoko kutafuta kitu asichokijua. Jibu lake ni la zamani. Nilipokuwa na miaka saba nilipotea porini. Tulikwenda kuokota uyoga na wenzangu, mimi nikavutwa na ndege mmoja wa buluu, na nilipogeuka hapakuwa na mtu. Nililala juu ya jiwe. Siku ya pili, jua likiwa la utosi, mjomba alichomoza kwenye majani. Alikuwa amezifuata nyayo zangu tangu alfajiri, nyayo za mtoto ambaye hata majani hayakulala alipopita. Hakupiga kelele, hakunikumbatia, hakunikemea. Alitoa muhogo wa kuchoma mfukoni, akaniwekea mkononi, akakaa chini hatua chache kutoka kwangu. Alinitazama mpaka nikamaliza kula. Ndipo akasema, "Haya, twende nyumbani."

Kwa ajili ya siku ile nimemtumia mjomba blanketi, redio, jokofu, na saa ya ukutani inayoadhini. Kila zawadi ilikuwa ni shukrani, na kila moja niliiona ndogo ikishatoka mkononi mwangu.

Basi nilimtumia picha ya sanduku la mahameli, nikakaa kusubiri vigelegele. Jibu lilikuja kwa sauti, taratibu, kuku wakilia nyuma yake.

"Nzuri, mwanangu, Mungu akuzidishie. Inang'aa." Nikamsikia akifukuza kuku. "Sasa niangalizie mambo matatu. La kwanza, jicho linakaa umbali gani nyuma yake? Bunduki ina teke; nimewahi kumfunga mgeni kitambaa, chuma kimempasua nyusi. La pili, ukisogeza kichwa huku na huku unapotazama, zile nyuzi mbili zilizopishana ndani zinahama? La tatu, geuza vile vifundo vyake mara arobaini juu, arobaini kulia, arobaini chini, arobaini kushoto. Nyuzi zinarudi palepale zilipoanzia? Kama hazirudi, mwanangu, hiyo ni tochi tu."

Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu, uso unaniwaka. Mimi nilikuwa nimemfikiria mzee wa kijijini atakayefurahishwa na taa za rangi. Haikunipitia akilini kwamba mtu aliyebeba darubini za matajiri miaka thelathini alikuwa pia akizitazama, akijua ipi imemtii mwenyewe na ipi imemsaliti. Nilikuwa nimenunua kwa ajili ya mteja, wala si kwa ajili ya mjomba. Nikaitoa darubini, nikaiweka jichoni. Ilinibidi niisogeze hadi upana wa vidole vitatu kutoka jichoni, karibu iniguse. Nikasogeza kichwa. Nyuzi zikacheza kama mtu aliyeona aibu.

Kesho yake mchana nilikuwa tena mbele ya duka. Mwenyewe ni mama wa makamo, Bi Liang, miwani minene, mikono midogo isiyotulia. Aliona sanduku langu likija, akajibu kabla sijasalimia.

"Bu xing." Haiwezekani. Ni neno ambalo sisi wafanyabiashara tunalijua kuliko majina ya mitaa.

"Sikuja kugombana, bosi," nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni. "Nimekuja kuuliza maswali ya mjomba wangu." Nikamweleza yale matatu, maneno yakinipungukia namalizia kwa vidole: arobaini juu, arobaini kulia, arobaini chini, arobaini kushoto.

Mikono yake ikatulia. "Nani amekuambia hivyo?"

"Mjomba. Ni mwindaji. Ana miaka sitini na tisa."

"Anapiga amelala au anatembea?"

"Anatembea. Kutwa nzima."

"Umbali gani?"

Hapo nikampigia mjomba simu ya video. Kwao ilikuwa asubuhi. Alitokea amevaa kofia yake iliyodariziwa, uso umejaa kioo. "Mwambie hatua themanini," akasema. "Mia kwa nadra. Zaidi ya hapo simtesi kiumbe."

Nilipotafsiri, Bi Liang alicheka, na kicheko kile kilimpunguzia miaka kumi. Akalisukuma sanduku la mahameli pembeni kwa kidole kimoja. "Namba hizi ni za watu wanaolala juu ya mkeka na kupiga karatasi iliyo mbali sana. Wao wana muda, wana egemeo. Mjomba wako, kwa hatua themanini, ataona manyoya tu. Hatajua kama ni bega au ni tumbo. Na mkono wake ukitetemeka kidogo, humo ndani utatetemeka mara ishirini na nne."

"Kwa nini jana hukuniambia?"

"Jana hukuuliza. Ulisema funga."

Mjomba, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa akitikisa kichwa kama aliyeelewa yote.

Bi Liang akatoa chini ya meza jiliwa la mbao la kubania vitu, akalikaza kwenye ukingo. Kisha akaenda mwenyewe hadi mwisho wa ukumbi, akaliegemeza kando ya mtungi wa zimamoto bao lililochorwa miraba. Tulianza na ile yangu. Yeye akageuza vifundo, ti, ti, ti, mimi nikatazama. Baada ya kuzunguka pande zote nne, nyuzi zilisimama miraba miwili kushoto ya zilipoanzia. "Tochi," nikasema kwa Kiswahili, na mjomba akacheka huko Liwale.

Akaleta ya pili. Hiyo ilirudi palepale, tulivu kama maji ya mtungini, lakini aliponitajia bei niliuona ufuta wote wa mjomba ukiyeyuka, na wa mwakani pia. Ningeweza kudanganya bei. Nilimtazama mjomba kwenye simu, naye alikuwa akinitazama mimi. Nikasema hapana.

Ya tatu ilitoka kwenye boksi la karatasi lililobonyea pembe. Nyeusi, haina taa, haina pambo, namba yake kubwa ni saba. Ningeipita mara mia bila kuigusa. Bi Liang akaikaza kwenye jiliwa. Arobaini juu. Arobaini kulia. Arobaini chini. Arobaini kushoto. Nyuzi zilirudi zikakaa kwenye kona ya mraba uleule, kana kwamba hazijatoka. Nikaomba turudie, tukarudia mara tatu, na mara tatu zikarudi. Nikarudisha kichwa nyuma upana wa kiganja kizima, bado naona vizuri. Nikakisogeza kushoto na kulia, nyuzi hazikuhama.

"Teke," akakumbusha mjomba.

Bi Liang alichukua nyundo ya mpira, akaigonga ile darubini mara tatu bila huruma. "Na barabara ya Liwale," nikamwambia, nikimwonyesha kwa mkono gari linavyoruka mashimo. Akaigonga mara nne zaidi. Tukapima tena. Palepale.

"Mwambie mama huyo asante," mjomba akasema. "Mwambie ana mkono wa fundi."

Nilimwambia. Bi Liang alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la blauzi. Akasema amesugua lenzi kiwandani miaka ishirini, mpaka macho yake mwenyewe yakaanza kuona ukungu, na katika duka hili watu huuliza bei, huuliza namba, huondoka. Akaichukua ile ya mahameli bila mimi kuomba, akanibadilishia bila kuongeza bei. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya, kisha nikamshika hivyo hivyo. Alikuwa na kiganja kigumu kama cha mjomba.

Siku ile, nikirudi na boksi lililobonyea kwapani, nilijisikia nimeshukuru sawasawa kwa mara ya kwanza. Blanketi na jokofu nilivituma nikiwa nimeangalia pengine. Hii nilikuwa nimeitazama kwa jicho lake, siku nzima, nimeinamia meza mpaka shingo ikauma.

Wakala wa mizigo ya ndege pale Baiyun alitaka karatasi, na mjomba alikuwa amezipanga zamani: leseni, kibali, barua, kila moja na mhuri wake. Ilichukua wiki kadhaa na subira nyingi, ikafika. Fundi akaifunga juu ya bunduki. Mjomba akanitumia picha ya karatasi ya shabaha yenye matundu matatu, amefunika yote matatu kwa kizibo kimoja cha soda. Kisha kimya. Msimu ulifunguliwa, mama akaniambia ameingia porini, na mimi kila simu ikilia naacha nilichoshika.

Alipiga mchana mmoja nikiwa ghalani katikati ya marobota ya mapazia.

"Swalha."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimemwona."

Sikuuliza nani.

"Pembe ya kushoto imekatika ncha. Begani ana kovu, limeota manyoya meupe. Anatembea vizuri kabisa, mwanangu, hachechemei hata kidogo." Na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia mjomba akilia, nikamsikia. "Mwaka mzima na ushee nimemzika moyoni, kumbe yu hai. Alhamdulillahi. Nisingekuwa na hii darubini yako, ningemwona kongoni tu. Nisingeliona kovu."

"Alhamdulillahi," nikasema, machozi yameshanifika kidevuni. "Alikuwa mbali?"

"Hatua sabini. Upepo ulikuwa wangu. Nyuzi zilitulia palepale kwenye kovu."

"Ukafanyaje?"

Nilisikia kuku wake, na mtu akitwanga mahali.

"Leseni yangu ina kongoni mmoja," akasema. "Keshokutwa naingia upande wa pili wa korongo, nitafute mwingine."

"Na huyu?"

"Huyu, mwanangu, nilikaa chini. Nikamtazama mpaka akamaliza kula."

Nje, dereva wa kontena alikuwa akipiga honi nimfungulie geti. Nilimwacha apige kidogo.