Viatu vya Kumzikia Mama

Kule kwao Vuokko, kila aendaye kanisani wakati wa theluji hubeba viatu vya aina mbili: buti za kumfikisha, na viatu vya heshima ndani ya mfuko wa kitambaa. Mlangoni, chini ya makoti, watu huinama, huhema, hubadilisha, na buti hubaki ukutani zikitiririka maji. Hilo hata mtoto analijua. Ila mbeba jeneza hana nafasi hiyo. Akishalinyanyua mbele ya madhabahu ni moja kwa moja hadi kaburini, na jeneza haliwekwi chini eti mtu afunge kamba za buti. Aliyeingia na buti atasimama na buti ibada nzima, na aliyeingia na viatu vya heshima atakanyaga navyo barafu.

Vuokko alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha makoti, mguu mmoja una buti, wa pili una kiatu cheusi cha kisigino. Mama yake, Hilkka, alikuwa ametangulia ndani, kwenye jeneza jeupe.

"Vaa buti," kaka yake Ilpo alimwambia. "Jana mvua ilinyesha juu ya theluji, halafu ikaganda. Huko nje ni kioo kitupu."

"Mama hakutaka buti kanisani."

"Mama hakutaka mambo mengi, dada. Hakutaka hata mimi nihamie Helsinki."

"Na ulihama."

Ilpo alikohoa kidogo. Viatu vyake vilikuwa vipya, vinang'aa, na chini vina mpira mzito; huko Helsinki wanajua kumuuzia mtu heshima na usalama kwa pamoja. "Basi mwachie Raimo nafasi yako ya kubeba," alisema.

Raimo, jirani yao, alikuwa amesimama kando ameshika kofia. Soli zake zilikuwa na vijimisumari vya kushikia barafu, na kila akisogea sakafu ililalamika. "Mimi sina neno," alisema. "Nikiambiwa nibebe, nabeba. Nikiambiwa nikae, nakaa. Ila barafu haina adabu, Vuokko, haijui kama kuna msiba. Na mimi sitaki mazishi mawili kwa siku moja."

"Nitambeba mwenyewe," alisema Vuokko, akavua ile buti.

Hilkka alikuwa ameuza viatu maisha yake yote katika duka pekee la viatu pale mjini. Mtu akiingia, macho ya Hilkka yalianzia miguuni, na mara nyingi yaliishia hukohuko. Kwa bahati mbaya binti yake alizaliwa na miguu mikubwa. "Miguu hii angepewa kaka yako," alikuwa akimwambia mbele ya wateja, na wateja wanacheka. Mama alipoanza kusahau, kwanza funguo, kisha watu, Vuokko aliacha kazi yake akarudi nyumbani kumuuguza. Alimwogesha, alimlisha, alimtoa kitandani hadi kitini, kitini hadi kitandani. Ilpo alikuja Krismasi na sanduku la chokoleti, akamnyanyua mama mara moja, akasema mbona mwepesi hivi. Ndiyo maana wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata jina la Vuokko lilipomtoka kichwani, Hilkka aliitazama miguu ya binti yake akauliza, "Nani kamruhusu huyu asimame mbele ya wateja?"

Neno hilo lilimuuma, wala hakujidanganya kwamba halimuumi. Alichokitaka leo ni kimoja tu: kumbeba mama mara hii ya mwisho, ambebe vizuri, na mama asipate la kusema.

Ndani ya kanisa mambo yalikwenda sawa. Alishika mpini wa mbele, upande wa kichwani, Ilpo akiwa mkabala naye, na visigino vilipiga sakafu kwa mlio wa heshima. Watu walitazama. Vuokko aliona wanatazama, na kwa mara ya kwanza tangu kifo kile alihisi kitu kinachofanana na raha.

Nje, mchanga uliomwagwa asubuhi ulikuwa umeshamezwa na barafu. Njia ya makaburini inateremka. Soli zake zilikuwa za ngozi, laini, hazikushika chochote. Mguu wa kushoto ukateleza, akajikaza. Ukateleza tena, na jeneza likainama upande wake. Ndipo alipomsikia mama akisogea ndani.

"Achia," Ilpo alisema kwa sauti ya chini. "Vuokko, achia. Utamwangusha."

Mkono wa Raimo, aliyekuwa akiwafuata kwa karibu, ulikuwa umeshafika kwenye mpini, kando ya wake. Vuokko alijua kwamba akishikilia wataanguka wote wawili, yeye na mama, mbele ya mji mzima. Akaachia.

Jeneza likanyooka, likaenda zake. Hakuna aliyegeuka nyuma, kwa sababu kwenye barafu ile huwezi kugeuka. Yeye akateremka akishika mawe ya makaburi, kutoka jiwe hadi jiwe, kama mtoto anayejifunza kutembea kwa kushika viti. Baridi ilimpanda hadi magotini. Alipofika, mikanda ya kuteremshia ilikuwa imeshavutwa juu na kulazwa kwenye theluji. Mama alikuwa ameshashuka.

"Tulikusubiri," Ilpo alisema. Pua yake ilikuwa nyekundu na macho yamelowa. "Mchungaji alikuwa anaganda. Nisamehe, dada."

Alisema kwa moyo wote, na Vuokko akashindwa kumchukia jinsi alivyotaka.

Aune, mdogo wa Hilkka, akamshika mkono na kumwinamia. Alimtazama miguuni, muda mrefu, kwa macho yaleyale ya ukoo wao. "Umependeza, mwanangu," alisema. "Viatu vizuri hivi. Leo Hilkka angekusifu."

Machozi yakamtoka Vuokko, na hayakuwa ya huzuni peke yake.

"Nyumbani nilimnyanyua nikiwa na soksi tu, mama mdogo," alisema. "Kila siku, na soksi za sufu. Sikumwachia hata mara moja."