Gurudumu la Buti

“Baba, rimu hizo zimekufa. Zizikwe!”

“Zimekufa zimekuuma wapi?”

“Mikononi! Gari likishika kasi usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa. Mwulize Mama.”

Nilisimama katikati ya duka la matairi, mkoba kwapani, nikimtazama mume wangu akibishana na binti yetu. Alikuwa ndani ya gari letu dogo, kiti cha abiria, mkanda kaufunga, kioo kakishusha kiasi cha kupitisha maneno tu. Fundi alikuwa kachuchumaa na jeki yake. Alishasema kwamba hanyanyui gari lenye mtu ndani, na hakuna aliyemsikiliza.

Gari lilikuwa linakwenda kwa binti huyo, mtoto wetu wa mwisho. Daktari alikuwa amemwambia baba yake kwamba kwa macho yale, usukani basi. Binti naye kapata kazi mji wa mbali, barabara nusu lami nusu mawe, na watoto wawili wa kubeba. Matairi yote yalikuwa kipara. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa rimu.

Binti alikuwa amezipenda zile za kung'aa zilizotundikwa ukutani, pana, zimevishwa matairi membamba ubavuni.

“Hizi, Mama. Gari litakuwa jipya.”

Nilibonyeza ubavu wa tairi. “Hapa kati ya shimo na rimu kuna nini? Unene wa biskuti. Shimo moja tu, rimu imepasuka. Na ukijaza watoto na mizigo nyuma, upana huu utasugua madigadi.”

“Lakini zinapendeza.”

“Bibi harusi naye anapendeza. Hapelekwi kulima na shela.”

Fundi alicheka. Ndani ya gari mume wangu naye alicheka, akajiona ameshinda.

“Mwambie huyo! Ya kale ni dhahabu.”

“Dhahabu haishiki kutu,” nikamwambia. “Na wewe usicheke. Shuka.”

“Sishuki.”

“Baba watoto, mwenye duka ana wateja wengine.”

“Nikishuka hapa,” alisema, sasa kwa sauti ya chini ambayo fundi hakuisikia, “nitakuwa nimeshuka.”

Nilimwelewa, na nilikasirika kwa sababu nilimwelewa.

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na gurudumu lake. Huo ulikuwa mtindo wake, tangu watoto wadogo. Asubuhi ya safari, kabla hajawasha injini, kila mmoja alikwenda kwenye tairi lake, akalibonyeza, akalipiga teke, akapaza sauti: “Mzima!” Mbele kulia lilikuwa lake, mbele kushoto langu, nyuma la kifungua mimba na la wa pili. Na kwa kuwa magurudumu huhamishwa nafasi, alichora alama ndani ya kila rimu kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu, bila kuniomba. Langu lilikuwa kikombe, kwa sababu alidai siendi popote bila chai. Kifungua mimba nyota, wa pili samaki, yeye mwenyewe kofia.

Wa mwisho alipozaliwa magurudumu yalikuwa yamekwisha. Akapewa la akiba, la ndani ya buti, likachorwa ufunguo. Kaka zake wakamwita Spea, na mpaka leo anaitika. Alipopata akili ya kuelewa, alilia hadi akapaliwa. Baba yake akamnyanyua, akamkalisha kwenye ukingo wa buti, akamwambia maneno yaliyomnyamazisha. Tangu siku hiyo kila safari mizigo ilishushwa kwanza ili Spea abonyeze lake.

Alfajiri moja tulichelewa, hatukuishusha. Mtoto akagoma kupanda. Akasimama na viatu vyake vya mvua akipiga kelele: “Mgonjwa! Langu mgonjwa!” Nilitaka kumchapa. Baba yake alitoa masanduku yote, moja moja, akabonyeza. Halikuwa na upepo hata kidogo. Tulisimama pale gizani tukamwangalia mtoto kama nabii. Baadaye alikiri hakuwa na habari yoyote. Alikuwa amenuna tu.

Nilifungua mlango wa gari. “Mkanda,” nikasema. Akaufungua. Nikampa mkono, akashuka, akasimama ameshika paa la gari.

Fundi hakupoteza muda. Magurudumu yalitoka, matairi ya zamani yakang'olewa, rimu zikafuatana kwenye mashine ya kuzungusha. Rangi ya kucha ilikuwa bado ipo chini ya matope, imefifia kama kidonda kilichopona. Nyota iliyumba. Samaki aliyumba zaidi. Kikombe kilicheza kama mlevi.

“Kikombe chako nilikijua,” mume wangu alisema.

“Nyamaza.”

Kofia ilizunguka sawasawa. Ufunguo, ambao maisha yake yote ulilala butini, ulizunguka kama umetoka kiwandani jana.

Hapo nikaamua. Ninayelipa ni mimi.

“Fundi, matairi matano, kipimo kilekile kilichoandikwa mlangoni. Rimu tatu mpya, za chuma. Chuma kikipinda kinanyooshwa popote, hata kijijini. Hizi mbili zinabaki. Ufunguo uende mbele kulia, kwa dereva. Kofia iende buti.”

Binti aligeuka. “Mama!”

“Kofia?” mume wangu aliuliza. “Mimi nikae buti?”

“Dereva ni yeye.”

“Pamoja na jeki na matambara?”

“Ulimwambia nini huyu, siku alipolia?”

Alikuwa akipapasa ukingo wa rimu yake kwa kidole gumba, kutafuta ile kofia. Binti ndiye aliyesema, akiangalia sakafu:

“Kwamba manne yanatupeleka, na la buti ndilo linaloturudisha nyumbani.”

Mashine ya upepo ilinguruma pembeni, ikanyamaza.

“Nilisema hivyo?”

“Kila safari, Baba.”

“Basi nilikuwa na maneno mimi,” alisema, akapangusa pua. “Fundi, jaza vizuri hilo la kofia. Usinipe upepo wa kuazima.”

Rimu tatu za zamani ziliegemezwa ukutani kwenye chuma chakavu. Sikuziangalia. Kikombe nilikiangalia kidogo.

Ufunguo ulipokazwa nati, binti alipiga magoti kwa suruali yake ya kazini, akabonyeza, akainuka, akapiga teke.

“Mzima!”

Fundi akainama kulichukua la kofia. Nilimvuta shati. Mume wangu alilishika mwenyewe, akalibingirisha taratibu kuzunguka gari, mkono mmoja kwenye tairi, mmoja kwenye bodi akipapasa njia, mpaka buti. Akalinyanyua kwa kishindo na mguno, akalilaza kwenye shimo lake. Akalibonyeza, akaligonga kwa ngumi kwa kuwa mguu haukufika.

“Mzima,” alisema.

Nikafunga buti.