Pua ya Bibi Harusi

Siku ya harusi yake Salwa alikuwa na kazi mbili tu: kukaa ndani asionekane, na kungoja hina ikauke. Ya tatu aliletewa na mjomba wake, Abdulnasiri, aliporudi kutoka kujaza petroli, akaingia uani anapiga honi mpaka kuku wakapanda ukutani.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, mtumba wa Dubai. Zamani mtu angeota mvi akingoja kibali cha kununua pikipiki. Sasa biashara imefunguliwa, na mjomba, muuza ndala wa sokoni, ana gari la viti vya mahameli. Ndilo lingempeleka Salwa kwa mumewe, Seleman, huko Kolo.

Salwa akachungulia dirishani, akakunja uso.

"Mjomba, gari lako linanuka petroli."

"Ulitaka linywe nini, uji?"

Ndani, shangazi yake, Bi Jaha, mama wa makamo mwenye wajukuu wasiohesabika, alikuwa anapuliza makaa ya udi. Salwa akamgeukia. "Shangazi, unanijua. Harufu ile nikiivuta mpaka Kolo, nitatapika."

"Utanyonya ndimu."

"Nikishuka nikatapika miguuni kwa mama mkwe, ndimu itanitetea?"

Bi Jaha akaacha kupuliza makaa. Bibi harusi anayeteremka akitapika! Mama mkwe angeanza kuhesabu miezi kwa vidole, na kabla ya magharibi Kolo yote ingekuwa inamsaidia kuhesabu. Na Seleman, maskini, hata kidole cha Salwa hajakigusa. Kufungua vioo nako hakuwezekani, maana vumbi la barabara ya Kondoa lingemfikisha mwekundu kama tofali.

Basi akaitwa fundi Thobias. Akajilaza chini ya gari, akatoka.

"Haivuji. Kote kukavu."

"Nilisema," akasema mjomba.

"Ngoja, mzee. Kama si petroli yenyewe, ni mvuke wake. Huo haudondoki, unanuka tu. Haya, nani anausikia?"

Hapo ndipo pakawa na kazi. Wanawake wote walikuwa wamekaa kwenye moshi wa udi tangu juzi; ungewapitishia beberu puani wasingejua. Mjomba alivuta ugoro. Thobias mwenyewe alisema pua yake imestaafu zamani. Nyumba nzima ilikuwa na pua moja tu nzima, nayo ilikuwa ya mtu aliyekwepa udi dirishani na asiyeruhusiwa kuonekana.

Wakamtoa hivyo hivyo. Binamu zake wanne wakamzungushia khanga pande zote, naye katikati, mikono ameipanua kama kuku anayekausha mbawa, hina isiharibike. Hema likatembea uani, likicheka. Thobias akasimama ameligeuzia mgongo, akawa anauliza akitazama ukuta.

"Kwenye mfuniko wa tangi?"

"Kidogo."

"Kwenye boneti?"

"Oili tu."

"Ingiza kichwa nyuma, kwenye kiti."

Hema likainama. Salwa akavuta pumzi kwenye pembe ya kushoto, akarudisha kichwa nyuma. "Hapa. Hapa hapa, na nitoeni haraka."

"Kumbe ni harufu tu," akasema Bi Jaha, anakuja mbio na chetezo kinawaka. "Si nilifukize?"

Thobias aligeuka, akatanua mikono kama golikipa. "Bi Jaha, ukiingiza makaa hayo humu, tutafika Kolo bila kupita barabarani."

Chetezo kikarudishwa jikoni. Thobias akaondoa kiti, akafungua ubao wa nyuma yake, na mpira mwembamba ukaonekana.

"Huu unatoa mvuke kwenye tangi, unaupeleka mbele kwenye kopo la mkaa. Mkaa unaufyonza, halafu injini inauvuta na kuuchoma."

"Kumbe nalo linajifukiza," akasema Bi Jaha, akaanza kulipenda.

"Sasa nani kafunga tyubu ya baiskeli hapa?" Aliinua kipande cheusi kilicholegea, kinateleza kama bamia.

Mjomba alikuwa anatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo. "Palikuwa na ufa kidogo. Tyubu si inafunga kila kitu? Hata kitanda changu kimefungwa tyubu."

"Kitanda chako hakinywi petroli, mzee. Petroli inaila tyubu. Na leo umejaza tangi, jua linawaka, mvuke umezidi, umepata mlango."

Akakata mpira mpya, ule wa petroli, akaufunga kwa klipu. Kisha akaziba upande mmoja, akasukuma upepo kwa pampu ya baiskeli na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Kwenye klipu moja povu likaota kiputo. Kikakua, kikakua, na wanawake wote wakabana pumzi mpaka kikapasuka. Thobias akakaza, akapaka tena. Povu likatulia. Salwa hakuwahi kudhani atafurahia povu lisilofanya chochote.

Gari likakaa wazi kupunga upepo, kiti kikarudi, hema likainama tena. Salwa akavuta pumzi: mahameli, vumbi, ugoro wa mjomba.

"Hakuna kitu."

Vigelegele vikalipuka, kuku wakapanda tena ukutani.

Njia nzima vioo vilifungwa. Bi Jaha, aliyekaa kando ya Salwa, akiogopa harufu isirudi, alikuwa amemwaga chupa nzima ya marashi kwenye kiti, na tumboni alikwisha kupeleka sahani mbili za pilau. Kila gari lilipotumbukia korongoni, maneno yalimpungua.

Kolo ngoma zilikuwa zinangoja. Mama mkwe mwenyewe akafungua mlango wa gari. Salwa akashuka wima, tumbo limetulia. Nyuma yake akashuka Bi Jaha, akasema, "Asalaam," akashindwa kumalizia, akakimbilia uani kwa watu, akatapika kwenye ua wa miba.

Mama mkwe alimngoja amalize. Kisha akasogeza mdomo kwenye shela ya Salwa.

"Karibu, mwanangu. Na huyu mwenzio, anatarajia kujifungua lini?"

Salwa alikuwa amefundwa kwamba bibi harusi hacheki. Alicheka mpaka shela ikaanguka.